Uvimbe wa titi unatembea, hauumi, mgonjwa ni kijana: inatosha kusema si kansa?

"Habari daktari. Niko mwaka wa tatu, tumeanza rotesheni ya upasuaji hapa Nairobi na magonjwa ya matiti yananichanganya vibaya. Nina orodha ndefu kwa daftari, yasiyo kansa upande huu, kansa upande ule, nakariri usiku asubuhi yameisha. Wiki jana kwa raundi ya wodi konsaltanti aliniuliza nitaijuaje fibroadenoma, ule uvimbe wa titi usio kansa, nikimpima mgonjwa, nikajibu inatembea, haiumi, mgonjwa ni kijana, basi si kansa. Akaniangalia akasema 'hiyo basi yako siku moja itaua mtu' halafu akasonga kitanda kingine. Sikuelewa kosa liko wapi manake vitabu vinasema hivyo hivyo. Kingine, rumeti wangu ana miaka 22, ameona uvimbe titi la kushoto, haumuumi, ameniomba nimguse nimwambie kama ni mbaya. Mamake amemwambia asikubali sindano, eti kansa ikidungwa inaamka. Nimwambie nini?"

Daktari, nakuita hivyo manake wagonjwa wa wodini hawatangoja ugradueti ndo waanze kukuita. Konsaltanti wako alisema ukweli, ni vile tu aliusema na kuondoka, na mtu akikukosoa anafaa angalau akae dakika mbili akueleze. Acha mimi nikae hizo dakika. Inatembea, ni kweli. Haiumi, kweli. Ni kijana, kweli pia. Kosa ni hilo neno "basi". Umetoa uamuzi wa mwisho kwa vidole peke yake, na vidole kwa titi havina hiyo mamlaka, hata vya mtu aliyefanya hii kazi miaka thelathini.

Nilijifunza hii vibaya. Nikiwa bado rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, alikuja mama wa miaka 31 na uvimbe wa sentimita 2 hivi, mviringo, unateleza chini ya kidole kama zile bano tulikuwa tunacheza utotoni. Kliniki ilikuwa imefurika hadi kwa korido, nikamwambia hii ni fibroadenoma mama, usiwe na wasiwasi, rudi baada ya miezi 6. Sikuandika ultrasaundi. Alirudi baada ya miezi mitano, uvimbe umefika sentimita 6 na kwapani kuna tezi mbili ngumu. Baiopsi, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, ikasema kansa, na ER hasi, PR hasi, HER2 hasi, yaani haina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni wala kile cha HER2. Baadaye ndo nilisoma vizuri kwamba kansa za aina hiyo mara nyingi hukua kwa kasi zikiwa mviringo na kingo laini, zinasukuma tishu badala ya kutuma mizizi, kwa hivyo kidoleni na hata kwa ultrasaundi zinaweza kujifanya fibroadenoma. Na ni aina inayopatikana zaidi kwa wanawake wachanga na kwa wanawake weusi, yaani hao hao wanaokuja kliniki zetu. Kitabu chako kikisema fibroadenoma inatembea hakidanganyi. Lakini hakijakwambia kwamba kila kinachotembea ni fibroadenoma.

Sasa orodha yako, weka kando kwanza, tuanze na titi lenyewe. Titi ni kama shamba lenye mifereji: kuna mirija kati ya 15 na 20 inayoelekea kwa chuchu, na kila mrija ukiufuata nyuma unagawanyika gawanyika hadi unafika kwa vishada vidogo vinavyotengeneza maziwa. Hapo mwisho, mahali mrija mdogo unakutana na kishada chake, ndo magonjwa mengi ya titi huanzia, mabaya na yasiyo mabaya. Kuta za mirija na vishada zina safu mbili za seli: ya ndani, na ya nje ambayo hujikaza kusukuma maziwa, kisha chini yao kuna utando mwembamba. Shika hiyo safu ya nje na huo utando, manake patholojisti akikaa kwa hadubini hilo ndo swali lake kubwa. Ukuta bado upo ama umevunjwa?

Seli za ndani zikiongezeka lakini zikiwa na sura ya kawaida, ukuta mzima, huo ni ukuaji usio kansa. Zikianza kuwa na sura ya ajabu kidogo, hapo hatari ya kansa mbeleni inapanda, karibu mara 4 ukilinganisha na mwanamke asiye nazo. Zikijaza mrija kabisa zikiwa na sura ya kansa lakini ukuta bado umesimama, tunaita kansa iliyo ndani ya mrija, DCIS kwa madaftari yenu. Na zikivunja ukuta zikaingia kwa tishu ya nje ndo kansa vamizi, ambayo sasa inaweza kufikia mishipa ya limfu na ya damu. Ukielewa huo mstari mmoja, nusu ya orodha yako imejipanga yenyewe bila kukariri.

Nusu nyingine inajipanga ukiuliza ugonjwa umetoka sehemu gani ya shamba. Fibroadenoma ni kishada kimekua pamoja na tishu inayokizunguka, vyote viwili, ndo maana jina lina sehemu mbili. Inasikia homoni, kwa hivyo inapatikana sana kati ya miaka 15 na 35, inaweza kunenepa mimba ikiingia na ikasinyaa hedhi zikikoma. Inasukuma jirani zake bila kuwavamia, haijashikana na kitu, ndo sababu inakukimbia chini ya kidole. Kisisti ni kishada kimejaa maji, zaidi kwa wa miaka 35 hadi 50, ukikivuta na sindano maji yakatoka safi na uvimbe ukaisha kabisa, kazi imeisha, lakini maji yakiwa na damu ama kitu kikibaki hapo, songa mbele na uchunguzi. Ile hali ya titi zima kuwa na vijidonge na kuuma wiki moja kabla ya hedhi halafu inatulia, hiyo ni titi kuitikia mwezi wake tu, na wanawake wengi sana wanayo, sijui hata kwa nini tunaiita ugonjwa. Papiloma iko ndani ya mrija karibu na chuchu, kazi yake ni kutoa damu ama maji kwa tundu moja la chuchu bila kukamuliwa. Zingatia hayo maneno, tundu moja, titi moja, bila kukamuliwa. Maziwa yakitoka matiti yote mawili kwa mtu asiyenyonyesha, usikimbilie kisu, uliza dawa anazomeza, ziko za kichefuchefu kama metoklopramidi na za magonjwa ya akili zinazopandisha prolaktini, homoni ya maziwa, na pima homoni zake.

Kuna uvimbe wa filodi pia, huo ni binamu mkorofi wa fibroadenoma, mwingi wake si kansa lakini unakua haraka hadi titi lote linavimba, na ule ulio mbaya husafiri kwa damu kuelekea mapafu zaidi ya kupitia tezi. Ndo maana mpasuaji anautoa na ukingo wa tishu nzima kuuzunguka lakini haendi kusafisha kwapa. Hilo swali lapendwa na watahini, sijui kwa nini, ila lapendwa.

Kwa nini basi kansa ya kawaida ni ngumu? Seli za kansa zikivuka ukuta, tishu ya titi inajibu kama kidonda, inamwaga kolajeni nyingi, zile nyuzi za kovu, kovu juu ya kovu. Huo ugumu unaosikia ni kovu zaidi ya kansa yenyewe. Kovu linavuta. Kuna nyuzi zinazoshikilia titi kwa ngozi, zinaitwa za Cooper, kwa heshima ya Astley Cooper mpasuaji wa Uingereza, kovu likizivuta ngozi inaingia ndani na kufanya kishimo, chuchu ikivutwa inarudi ndani. Mishipa ya limfu ya ngozi ikizibwa ngozi inavimba, lakini pale zile nyuzi zimeishikilia haiwezi kuvimba, kwa hivyo inabaki na vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Umeona? Dalili tatu ulizokuwa unakariri kando kando zimetoka kwa mambo mawili tu, kuvuta na kuziba. Gusa ncha ya pua yako halafu gusa paji la uso. Pua ni karibu na fibroadenoma, paji ni karibu na kansa ya kawaida. Karibu, nimesema.

Na kuna mengine yanakudanganya upande wa pili, yaani yanafanana na kansa na si kansa. Mtu aligongwa titi na mlango wa matatu ama mkanda wa gari, mafuta ya titi yakafa pale ndani, baada ya muda panakuwa pagumu, ngozi imevutwa, hata mamogramu, ile eksirei ya titi, inatia hofu. TB ya titi pia tunaiona huku, jipu lisilopona na vitundu vinavyotoa usaha. Vidole vyako vitaapa ni kansa, baiopsi itakataa.

Ile ninayotaka uogope zaidi ni titi jekundu. Mama ananyonyesha, titi limeuma, lina joto, homa, hiyo mara nyingi ni maambukizi, bakteria wa stafilokoka, anapewa antibaiotiki na aendelee kunyonyesha hilo hilo titi, manake maziwa yakituama ndani ndo mambo yanaharibika zaidi, na kukiwa na usaha tunauvuta na sindano tukiongozwa na ultrasaundi. Sawa. Lakini kuna kansa inayokuja na sura hiyo hiyo, wekundu, uvimbe, joto, ngozi ya chungwa, mara nyingi hata donge la kushika hakuna, na ukimpata ameshaipeleka hatua ya tatu siku ya kwanza mnapokutana. Nimeona wamama wamepewa kozi tatu za antibaiotiki, kila kozi na daktari tofauti, kila mmoja akidhani ndo wa kwanza. Kwa hivyo dozi moja ikiisha na titi halijarudi sawa, ultrasaundi na baiopsi, na hakuna kuongeza ya pili kwa mazoea. Vivyo hivyo upele wa chuchu. Ukurutu wa kawaida huanza kwa lile duara jeusi linalozunguka chuchu, mara nyingi pande zote mbili, na unasikia mafuta ya kupaka. Ugonjwa aliouandika James Paget mwaka 1874 huanza kwa chuchu yenyewe, upande mmoja, unakula chuchu polepole, na nyuma yake kwa kawaida kuna kansa ndani ya mirija.

Umeona sasa mtego uko wapi. Laini yaweza kuwa mbaya, gumu laweza kuwa salama, jekundu laweza kuwa lolote. Ndo maana tunafanya vitu vitatu na vyote lazima vikubaliane: kupima kwa mkono na historia, picha, na pale inapohitajika, sindano. Chini ya miaka 35 au 40 tunaanza na ultrasaundi manake titi changa lina tishu nzito na mamogramu inaona weupe mtupu, kama kutafuta kondoo mweupe kwa ukungu wa Limuru. Zaidi ya hapo mamogramu inaingia, na ultrasaundi pamoja nayo. Ripoti inakuja na namba ya BI-RADS, inayoonyesha picha inatia shaka ya kansa kiasi gani: 2 ni salama, 3 uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, 4 ni kuanzia hapo hadi asilimia 95, pengo kubwa hilo, kwa hivyo 4 yoyote inadungwa, na 5 imevuka 95. Kitu kimoja kati ya vitatu kikipinga vingine, hicho kinachopinga ndo unakifuata. Mkono ukisema kansa na picha ikasema shwari, bado unadunga.

Hapo tufike kwa mama ya rumeti wako. Usimcheke, hiyo imani ina chanzo. Watu wengi huku wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, wanadungwa, wiki chache baadaye hali inaonekana mbaya zaidi, majirani wanaunganisha hayo mawili. Kilichoamshwa na sindano ni jibu tu, ugonjwa ulikuwa macho kitambo. Baiopsi ya titi haifanyi kansa isambae ikamaliza mtu, na kuikwepa ndo kunakomaliza. Kisha kuna sindano na sindano. Ile nyembamba inavuta seli chache chache, nafuu na ya haraka, lakini haiwezi kukwambia kama ukuta umevunjwa, manake inaleta matofali bila nyumba. Ile nene inakata vipande kama vijiti vya kiberiti vyembamba, tishu inabaki na mpangilio wake, na ndo inapimwa ER, PR na HER2, ambazo zinaamua matibabu. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua nene.

Hapa niseme kitu hakuna anayewafundisha. Kile kipande kinafaa kuingia kwa fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ndani ya saa moja, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72 kabla hakijashughulikiwa. Mgonjwa wako amedungwa Ijumaa saa kumi, amepewa kichupa kwa mfuko wa karatasi apeleke maabara mjini, amefika wamefunga, ameenda nacho nyumbani Kayole kimekaa kando ya sufuria hadi Jumanne asubuhi, saa zimepita 72 na ukanda mwembamba wa jina lake umefutika nusu. Ripoti ikirudi inasema vipokezi hasi, na huwezi kujua kama ni kansa ndo hasi ama ni kichupa. Kama ilikuwa chanya umemnyima tembe za homoni zinazoweza kumkinga miaka. Kwa hivyo andika saa juu ya kichupa kwa kalamu isiyofutika na umuulize mgonjwa anapeleka vipi.

Rumeti wako sasa. Usimguse. Najua inaonekana kama roho mbaya lakini fikiria, kidole chako kikisema "ni sawa" ataamini, na utakuwa umefanya kile nilifanya mimi, ila kwa kitanda cha hosteli. Kikisema "sijui" hamtalala nyote wawili. Muulize maswali badala yake: aliuona lini, unakua, unabadilika na hedhi, chuchu inatoa kitu, yuko na mimba, mama yake ama shangazi au nyanya wa upande wowote, hata upande wa baba, alipata kansa ya titi au ya ovari akiwa bado mchanga. Kwa miaka 22 uwezekano mkubwa sana ni fibroadenoma, hilo unaweza kumwambia bila kudanganya, na umwambie pia kwamba uwezekano mkubwa si jibu. Kisha muende pamoja kliniki ya chuo ndani ya wiki hii ama ijayo, aombe kupimwa na daktari na kupelekwa ultrasaundi. Wakati mzuri wa kugusa titi ni siku chache baada ya hedhi kuisha, lakini asitumie hiyo kama kisingizio cha kungoja mwezi mzima.

Ultrasaundi ikionyesha kila kitu cha fibroadenoma, na daktari amesikia hivyo hivyo, kwa umri wake wengi wetu hatudungi, tunarudia picha baada ya miezi 6 na tena mwaka ukiisha. Hapo lakini uwe mkweli naye. Kama mnafunga shule na anaenda attachment mbali na hamna uhakika atarudi, mimi binafsi nadunga sasa, manake mpango wa kurudi ni dawa tu kwa mtu atakayerudi. Kutoa kwa upasuaji ni kwa uvimbe uliopita sentimita 3 hivi, ama unaokua, ama baiopsi imetia shaka, ama mwenyewe amechoka kuuwaza na anautaka utoke, na hiyo ni sababu halali pia. Ubaya wake ni kovu, gharama, na wenye vivimbe vingi ukitoa kimoja kingine kinaweza kuchomoza. Majani ya mpapai na zile krimu zinazouzwa River Road hapa mjini, shida yake kubwa ni kula miezi.

Asingoje hata wiki kama ngozi imebadilika, chuchu imeingia ndani na zamani haikuwa hivyo, inatoa damu, kuna tezi kwapani, ama uvimbe umeongezeka ukubwa ndani ya wiki chache. Na daktari yeyote akimwambia "wewe ni mdogo sana kwa kansa" bila kuandika picha, aende kwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike mara ya kwanza, hesabu mnaanza siku hiyo mkiingia kliniki.

Siku ile konsaltanti atakuuliza tena, na atakuuliza, jibu hivi: mwanamke wa miaka 22, uvimbe mmoja, robo ya juu upande wa nje wa titi la kushoto, sentimita kadhaa, kingo laini, unatembea, ngozi na chuchu ziko sawa, kwapani hakuna kitu, nafikiria fibroadenoma kwanza, lakini nataka ultrasaundi kabla sijamwambia chochote, na isipokubaliana na mkono wangu nadunga na sindano nene. Usiseme "basi" popote.

Ripoti ya rumeti wako ikitoka niandikie, na uniandikie namba ya BI-RADS na vipimo kwa milimita, "daktari amesema iko sawa" siipokei.